Simu yako na ugonjwa wa ngozi: akili bandia inaweza kukusaidia wapi, na wapi haiwezi

Ukiwa na simu janja, leo unaweza kupiga picha ya vipele vilivyo mkononi mwako, ukaituma kwenye programu, na baada ya sekunde chache ukaambiwa jina la ugonjwa na dawa ya kupaka. Hakuna foleni, hakuna nauli ya boda boda, na hakuna anayekuuliza unazungumza lugha gani. Kwa mkimbizi anayeishi Kampala, au kwa mwenyeji wa Kisenyi ambaye siku ya kwenda kliniki ni siku ya kukosa kipato, huo ni msaada mkubwa. Lakini je, jibu unalopewa ni la kweli?

Swali hilo limeshapimwa hapa hapa Kampala, na ni vizuri ujue matokeo yake kabla hujanunua dawa kwa sababu simu imesema.

Akili bandia ni nini?

Akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba au AI, ni programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa mifano. Programu ya magonjwa ya ngozi hufundishwa kwa picha. Watengenezaji hukusanya maelfu ya picha, na kila picha huandikiwa jina la ugonjwa uliothibitishwa na daktari. Programu huzipitia mara nyingi na kutafuta kinachofanana: rangi, umbo la kidonda, ukingo wake, jinsi vipele vilivyopangika. Ukiipa picha mpya, inailinganisha na zile ilizozoea na kukupa jina linalokaribia zaidi.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha habari za programu iliyofundishwa kwa picha 129,450. Katika kutambua saratani za ngozi, ilifanya vizuri sawa na madaktari bingwa 21 iliyolinganishwa nao. Tangu hapo programu za aina hiyo zimekuwa nyingi, na nyingine unazipata kwenye simu yako.

Kumbuka jambo moja: programu haijui ugonjwa. Inajua picha ilizoonyeshwa. Kama haikuonyeshwa ngozi kama yako, itakisia tu, na itakisia kwa maneno yale yale ya uhakika.

Jaribio lililofanywa Kampala

The Medical Concierge Group ni kampuni ya Kampala inayotoa ushauri wa afya kwa njia ya simu. Wagonjwa huwatumia madaktari wake picha za ngozi na kupewa ushauri. Watafiti walichukua picha 123 kutoka kwenye kumbukumbu zake, zote za watu wenye ngozi nyeusi, wakazipitisha kwenye programu iitwayo Skin Image Search ya kampuni ya First Derm. Kisha walilinganisha majibu ya programu na majibu ya madaktari. Matokeo yao yalianza kusomwa mwaka 2019.

Programu ilipata jibu sahihi kwa picha 21 tu kati ya 123. Hiyo ni asilimia 17, yaani karibu picha moja katika kila sita. Kwa ngozi nyeupe, programu hiyo hiyo ilikuwa imepata asilimia 69.9 wakati wa mafunzo yake, yaani karibu picha saba katika kila kumi.

Karibu nusu ya picha hizo za Kampala zilikuwa za fangasi, ugonjwa ambao muuguzi wa kituo cha afya huuona kila siku.

Usidhani kwamba hayo yalisemwa na watu walioichukia programu. Mmoja wa waandishi wa utafiti huo ndiye mwanzilishi wa kampuni iliyoitengeneza. Hitimisho lao lilikuwa kwamba programu hizi zinahitaji kufundishwa kwa picha za watu wa aina zote.

Kwa nini ilikosea?

Sababu kuu ni rangi. Vitabu vingi vya udaktari na picha nyingi za mafunzo zimetoka Ulaya na Marekani, ambako ngozi iliyowashwa au kuvimba huonekana nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Badala yake utaona sehemu yenye rangi ya kahawia iliyokolea, ya zambarau, au ya kijivu. Ukurutu unaweza kuonekana kama vipele vidogo vigumu vilivyo wima. Baada ya ugonjwa kupona, doa jeusi linaweza kubaki kwa miezi. Programu iliyozoea kutafuta wekundu inaweza kuona hilo doa ikaliita ugonjwa, na ikapitwa na ugonjwa wenyewe.

Sababu ya pili ni aina ya magonjwa. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi tajiri hutafuta zaidi saratani zinazoletwa na jua, chunusi na magonjwa mengine ya huko. Upele wa kuwasha unaoletwa na utitiri, mapunye ya kichwani kwa watoto, ukoma au kidonda cha Buruli huenda havimo kabisa katika orodha yake. Ugonjwa usiokuwa kwenye orodha hauwezi kutajwa. Programu itakupa jina la ugonjwa mwingine.

Somo la Mengo na Kinyara

Mengo yenyewe ina mfano mzuri wa jambo hili. Mwaka 1897 daktari Mwingereza, Albert Cook, alianzisha hospitali iliyo kwenye kilima cha Namirembe, ambayo leo ni Hospitali ya Mengo. Mwaka huo huo aliandika kuhusu wagonjwa wenye vidonda vikubwa vya ngozi visivyofanana na vile alivyovizoea. Bakteria anayesababisha kidonda hicho alikuja kuelezwa mwaka 1948, tena na madaktari wa Australia. Jina la Buruli lilitokana na eneo la Uganda lililokuwa na wagonjwa wengi.

Katika miaka ya 1960 ugonjwa huo uliwapata wakimbizi kutoka Rwanda waliokuwa wamepewa makazi Kinyara, karibu na Mto Nile. Watafiti waliwafuata huko, wakahesabu wagonjwa na kuangalia umri wao na mahali vidonda vilipotokea mwilini. Sehemu kubwa ya yale ambayo dunia ilijua mwanzoni kuhusu kuenea kwa kidonda cha Buruli ilitokana na ngozi za wakimbizi hao.

Ugonjwa ulitambulika kwa sababu kuna watu waliokaa na wagonjwa, wakawatazama mmoja mmoja. Akili bandia nayo haiwezi kuruka hatua hiyo. Lazima kwanza ionyeshwe watu wa hapa.

Je, inaweza kurekebishwa?

Ndiyo, na kazi hiyo imeanza. Mwaka 2022 kundi jingine la Stanford lilitoa mkusanyiko wa picha 656 zilizochaguliwa ili ngozi nyeusi na nyeupe ziwakilishwe. Programu zilizokuwa zikisifiwa zilifanya vibaya zaidi kwenye ngozi nyeusi. Lakini zilipofundishwa upya kwa picha hizo mchanganyiko, pengo lilipungua sana. Kwa hiyo kosa halimo katika ngozi yako wala katika kamera yako. Limo katika mafunzo ya programu, na mafunzo yanaweza kubadilishwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lina programu ya simu ya bure kuhusu magonjwa ya ngozi yaliyosahaulika, yakiwemo ukoma, upele na kidonda cha Buruli. Imetengenezwa kwa ajili ya wahudumu wa afya walio mbali na mabingwa, na toleo lenye akili bandia limejaribiwa na wahudumu wa afya nchini Kenya. Hapa Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa na maabara ya akili bandia ambayo watafiti wake walifunga simu kwenye darubini ili kutambua vijidudu vya malaria katika damu.

Utaona kwamba katika mifano hii simu iko mikononi mwa mtu wa afya. Inamsaidia kukumbuka na kulinganisha. Haiachiwi mgonjwa peke yake nyumbani.

Mambo ambayo picha haionyeshi

Hata programu iliyofundishwa vizuri inaona picha tu. Mhudumu wa afya hufanya mambo matatu zaidi:

- Hugusa. Doa la ukoma mara nyingi limepauka na halina hisia. Mhudumu huligusa kwa pamba huku umefumba macho na kukuuliza kama unasikia. Hakuna picha inayoweza kuonyesha ganzi.
- Hukwangua. Ngozi ikikwanguliwa kidogo na kutazamwa kwenye darubini, fangasi huonekana. Hapo kubahatisha kunaisha.
- Huuliza. Je, kuna mwingine nyumbani anayejikuna usiku? Umeanza dawa mpya wiki hizi? Umesafiri? Swali la kwanza peke yake linaweza kutosha kumfanya mhudumu ashuku upele wa utitiri, ambao hautaisha usipotibu wote mnaolala pamoja kwa siku moja, na kufua nguo na mashuka kwa maji ya moto.

Hatari iko kwenye dawa

Kukosea jina la ugonjwa si hatari kubwa kama hujafanya chochote. Hatari huanza unapokwenda duka la dawa na jina hilo.

Krimu nyingi zinazouzwa bila karatasi ya daktari zina steroidi, nyingine zikiwa zimechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria. Steroidi hupunguza kuwasha haraka, kwa hiyo unaona kama umepona. Kama ugonjwa ni fangasi, kuvu wanaendelea kukua chini ya nafuu hiyo. Baada ya wiki chache, choa kilichokuwa duara dogo kinakuwa kimeenea na kubadilika sura hata mhudumu anapata shida kukitambua. Ukipaka steroidi kali muda mrefu, ngozi hukonda, hupauka na kuchanika, hasa usoni na kwa watoto.

Kuwa mwangalifu pia na krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa kama dawa ya madoa. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinapatikana sokoni. Bidhaa isiyoonyesha imetengenezwa na nini, iache.

Usiulize simu, nenda kituoni

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kama una:

- vipele pamoja na homa, tezi zilizovimba, au malengelenge yenye usaha, hasa sehemu za siri au usoni;
- malengelenge au vidonda mdomoni na machoni baada ya kuanza dawa mpya;
- uvimbe wa moto na wenye maumivu unaoenea haraka;
- mtoto mwenye vidonda vya ngozi ambaye hali wala hanyonyi.

Usikae zaidi ya wiki chache kama una:

- uvimbe mdogo usiouma unaogeuka kuwa kidonda;
- doa lisilo na hisia;
- madoa meusi au ya zambarau yanayoongezeka miguuni au mdomoni;
- kidonda chochote kisichopona.

Kuhusu hali ya kwanza: Agosti 2024 WHO ilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa baada ya aina mpya ya virusi kuenea kutoka Kivu Kusini, na mwaka huo huo Uganda ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza, Kasese. Mpox inaweza kufanana na tetekuwanga kwenye picha. Programu ikikuambia ni tetekuwanga na ukabaki nyumbani na watoto, kosa hilo halitakuwa lako peke yako.

Magonjwa haya yanatibika zaidi yakiwahiwa. Dawa za ukoma hutolewa bure duniani kote tangu 1995. Kidonda cha Buruli hutibiwa kwa antibayotiki za wiki nane, na ukichelewa unaweza kuhitaji upasuaji au kubaki na ulemavu.

Jinsi ya kutumia simu yako vizuri

Simu ni msaada mzuri kama utaitumia kupeleka habari za ngozi yako kwa mtu wa afya. Vipele vingi hubadilika au hupotea kabla ya siku ya kliniki, na picha huonyesha vilivyokuwa.

1. Piga picha mchana, karibu na dirisha au mlangoni. Usitumie taa ya simu, kwa sababu inang'arisha ngozi na kuficha rangi.
2. Zima urembo wa kamera. Simu nyingi hulainisha na kung'arisha ngozi zenyewe.
3. Futa mafuta, vaselini au poda kwanza.
4. Piga mbili: moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, na moja ya karibu. Weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane.
5. Rudia kila baada ya siku tatu au nne, mahali pale pale.
6. Andika: ilianza lini, ilianzia wapi, inawasha au inauma, nani mwingine nyumbani anayo, na umepaka nini. Beba hata boksi tupu la krimu uliyotumia.

Ukitaka kuiuliza programu, iulize. Lakini usimwambie mhudumu, "Nina ugonjwa fulani." Mwonyeshe picha na umweleze dalili. Kisha unaweza kumuuliza, "Simu ilisema hivi, wewe unaonaje?"

Picha ni yako

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa za siri zaidi kuliko habari za kawaida. Mtu akitaka kuchukua picha ya ngozi yako kwa ajili ya utafiti au kufundisha programu, anapaswa kukuomba ridhaa kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kuuliza: Picha itahifadhiwa wapi? Nani ataiona? Naweza kusema iondolewe? Ukikataa, matibabu yako yasiguswe. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeulizwa.

Ukikubali, picha yako inaweza kusaidia programu ijayo kumtambua vizuri mtu mwenye ngozi kama yako. Hilo ni jema, ila liwe uamuzi wako. Usitume picha zenye uso, wala za sehemu za siri, kwenye programu au kikundi cha WhatsApp usichokijua.

Wapi pa kwenda

Katika vituo vya afya vya serikali nchini Uganda, mkimbizi hupata huduma bure kama raia. Kwa wanaoishi Mengo, Kisenyi, Katwe na Old Kampala, kilicho karibu ni kituo cha afya cha Kisenyi IV kinachosimamiwa na KCCA. Hospitali ya Mengo ni ya kanisa na huduma zake hulipiwa, kwa hiyo uliza bei kabla. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache nchini. Anza kituo cha karibu, na mhudumu atakuandikia rufaa ikihitajika. Dawa isipokuwepo kituoni, omba uandikiwe jina lake, ili duka lisikupe nyingine.

Kama uko kwenye makazi kama Nakivale, Kyangwali, Kyaka II au Rwamwanja, mwanzie mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, au nenda kituo cha afya cha eneo lako.

Beba kadi yako ya ukimbizi na karatasi za kliniki ulizo nazo. Kama hujui Kiingereza wala Luganda, nenda na mtu unayemwamini akutafsirie. Na kama wengine nyumbani wanajikuna pia, waambie mwende wote.